Onyo Lililokosekana

Kuna watu wanaosoma barua mwanzo na mwisho, katikati wakajibunia. Mama Maonyo hakuwa wa jamii hiyo. Ile karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa ya kichwa, iliyokunjwa mara kumi, herufi zake za kutafuta kwa kurunzi, yeye aliikunjua akaisoma mpaka anwani ya kiwanda. Jina hilo la Mama Maonyo alipewa na Spidi, na yeye ndiye aliyempa Spidi jina la Spidi, kwa hiyo walikuwa sare na hakuna aliyemdai mwenzake.

Walifanya kazi pamoja chini kabisa ya hospitali, katika chumba kilichokuwa zamani cha kufulia mashuka. Sakafu yake bado ilikuwa na mwinamo wa kupelekea maji kwenye mfereji wa katikati. Ukikaa kwenye kiti chenye magurudumu ukasahau kukitia kigingi, unaanza kusogea taratibu bila habari, na kila baada ya muda watu watatu wa chumba hicho walijikuta wamekutana mgongo kwa mgongo juu ya mfereji kama waliopanga kikao. Wa tatu wao alikuwa Mpole, fundi wa kulehemu na kuunganisha nyaya, mwanamke asiyesema neno moja kama angeweza kutikisa kichwa.

Kazi iliyowakutanisha ilitoka ghorofa ya pili, wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao. Wodi hiyo ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na kila kitanda kilikuwa na kipima pumzi chake, lakini vyote vilikuwa vya msaada. Wafadhili walivileta kwa nyakati tofauti, kutoka viwanda vitano tofauti, na kila kiwanda kilikuwa kimekitengenezea kipimo chake lugha yake. Hakuna kilichoelewana na kingine. Vingine vililia ovyo mtoto akipiga chafya, vingine havikulia kabisa, mpaka wauguzi wakavizima vingi na kurudi kwenye kazi ya macho. Muuguzi alikaa kwenye kiti, akaangalia matumbo madogo yakipanda na kushuka, akahesabu. Watoto wa aina hiyo wana tabia ya kusahau kupumua. Wanaanza vizuri, halafu wananyamaza tu, na asipokuwapo mtu wa kuwakumbusha, basi.

Spidi alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa chipu moja yenye ukubwa wa biskuti. Ukimkuta siku ya jazba zake angekueleza mpaka chai ikapoa. Chipu hiyo, angesema, ukiitoa kwenye boksi haijui lolote. Ndani yake mna vijumba vidogo maelfu kwa maelfu na vinjia vya kuviunganisha, vyote vimekaa vinasubiri amri. Wewe ndiye unayesema kijumba hiki kishikane na kile, na vikishashikana, chipu inakuwa ndiyo mashine uliyoitaka. Si kompyuta ya ofisini inayopitia kazi moja baada ya nyingine. Hapa unajenga masikio kumi na mawili, na yote kumi na mawili yanasikiliza kwa wakati mmoja, hakuna mtoto anayepangishwa foleni. Halafu kesho mfadhili akileta kipimo chenye lugha ya sita, hutafuti chipu nyingine. Unaipanga upya ileile. Asubuhi ilikuwa mashine hii, mchana imekuwa mashine nyingine, na hakuna aliyeigusa hata kwa bisibisi. Spidi alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa na bado jambo hilo lilimsisimua.

Kilichokuwa kigumu ni programu ya kuipangia. Unaiandikia unachotaka, na yenyewe inakaa kuamua kila kijumba kiwe wapi na kila kinjia kipite wapi, ili habari zote zifike kwa wakati. Kwenye kompyuta yao kongwe shughuli hiyo ilichukua saa tano, wala huwezi kuiharakisha. Waliiita Bibi Harusi, kwa sababu ikishaanza kujipamba, nyinyi wengine kazi yenu ni kukaa na kusubiri. Ikimaliza inakutolea chipu yako tayari, pamoja na orodha ya maonyo. Nimeona hiki, sikukipenda. Kile umekiandika lakini hukitumii. Njia hii ina wasiwasi. Ilikuwa ni mistari elfu moja na mia tatu na kitu, mingi haina maana yoyote, na watu wengi wa kazi hii wanaushuka ukurasa mpaka chini waone neno "imekamilika", wakaenda zao. Spidi alikuwa mmoja wao. Mama Maonyo aliisoma yote, kila mara, akiwa na daftari la shule la mistari na kalamu ya risasi.

"Mama, utazeeka hapo," Spidi alimtania siku moja.

"Nimeshazeeka, mwanangu. Sasa nasoma."

Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi. Hakuna kibao, yaani ubao mdogo wa nyaya unaobeba chipu, kilichotoka kwenye chumba cha kufulia bila saini yake, na katika miaka yote hiyo hakuna kibao chenye saini yake kilichorudishwa. Daktari mkuu mwenyewe akiletewa kifaa kipya aliuliza kwanza mama wa chini amesemaje. Spidi alimcheka kwa mambo mengi, miwani yake ya kamba, chakula chake cha kwenye kopo la maziwa, lakini saini ile hakuwahi kuicheka. Aliitamani. Na wiki iliyopita, Mama Maonyo akiwa amebakiza siku nane astaafu, alimwita pembeni akamwambia, "Nikiondoka, saini ni yako." Spidi alimpigia simu mkewe, akampigia mama yake, akapanda juu wodini kwa dada yake kumweleza ana kwa ana. Alitembea siku mbili nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Dada yake huyo ndiye aliyekuwa sista mkuu wa wodi ya ghorofa ya pili. Alimlea Spidi, alimchapa Spidi, na sasa aliwaambia madaktari wote kwamba kengele mpya inatengenezwa na mdogo wake wa damu. Kibao kilikuwa kipelekwe juu Alhamisi, saa tano asubuhi. Daktari mkuu angebonyeza swichi, na wauguzi wangeacha kuhesabu.

Alhamisi hiyo saa mbili asubuhi, kibao kilikuwa mezani kimefutwa vumbi, Mpole amekifunga kwenye kasha lake. Kilichobaki ilikuwa saini. Mama Maonyo alikuwa amekaa na orodha yake.

"Spidi, hebu njoo."

Alijisukuma kwa kiti mpaka kwake.

"Onyo la mapigo," alisema. "Nimelipata kwa kitanda cha kwanza, nikaenda kuangalia, kibaraza kipo, nikaweka alama. Cha pili, hivyohivyo. Nimekwenda mpaka mwisho. Nimepata maonyo kumi na moja."

"Sawa."

"Vitanda ni kumi na viwili."

Hapo inabidi nieleze. Kila kipima pumzi kinatuma habari kwa mapigo ya saa yake ya ndani, na kibao kinasoma kwa mapigo yake, na mapigo hayo mawili hayaendi sambamba. Habari ikisomwa inapobadilika, ni sawa na mtu anayesoma tangazo ubaoni wakati mwenziwe bado analiandika. Atasoma nusu ya la zamani na nusu ya jipya. Dawa yake inajulikana. Unaijengea habari kibaraza, inakaa hapo mapigo mawili, inatulia, ndipo inaingia ndani. Na hata ukijenga kibaraza, Bibi Harusi bado anakutajia njia hiyo kwenye orodha yake, kwa tahadhari tu. Kila kitanda onyo moja.

"La cha tisa silioni," alisema Mama Maonyo. "Nimesoma mara tatu."

Spidi hakuhitaji kusoma mara ya nne.

Alikumbuka siku yenyewe, ilikuwa Ijumaa, wiki tatu nyuma. Kipimo cha kitanda cha tisa kilikuwa kimekufa, wakaletewa kingine kutoka stoo, cha kiwanda kingine, na mapigo yake mapya. Bibi Harusi akamaliza kujipamba saa kumi jioni na mstari mwekundu juu kabisa: njia hii haifai. Ilitakiwa ajenge kibaraza kipya, halafu asubiri saa tano nyingine. Na kituoni mkewe alikuwa amewasili na mizigo, pamoja na mama mkwe, na mama mkwe wa Spidi hakuwa mtu wa kuwekwa kituoni. Basi akafungua faili la maagizo akaandika mstari mmoja: njia hii isikaguliwe. Mstari mwekundu ukatoweka. Alijiandikia kikaratasi, "rudi kitanda 9", akakibandika pembeni mwa meza, na kwa sakafu ile bila shaka kikaratasi kiliishia kwenye mfereji. Jumatatu ilipofika ilikuja na mambo yake.

"Labda ni macho yangu," Mama Maonyo alisema. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga aliyojitanda mabegani. "Siku hizi mistari inaniruka. Kazi yenyewe ya mwisho, Spidi, na nimeanza kupoteza mistari."

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema labda programu imeyaunganisha maonyo mawili, na yule mama, ambaye hakuwahi kumdhania mtu mwingine kosa kabla ya kujidhania yeye, angesaini. Wiki ijayo saini ingekuwa ya Spidi, angejenga kibaraza chake kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Jana yake kibao kilikuwa kimejaribiwa saa nzima kwa mwanasesere mwenye pampu tumboni, kila kitanda, na kengele ilikuwa imelia kila ilipotakiwa. Alilifikiria hilo, tusimsingizie utakatifu. Alilifikiria kwa muda wa mtu kumeza mate mara mbili. Lakini kumwacha mwanamke huyu aondoke hapa akiamini macho yake yamemsaliti, hilo lilimshinda.

"Si macho yako, Mama," alisema. "Onyo nililifunga mdomo mimi."

Mpole aliacha kulehemu.

"Lini?"

"Ijumaa ile waliyobadilisha kipimo. Nilikuwa na haraka."

"Na kibaraza?"

"Hakipo."

Mama Maonyo alirudisha miwani usoni. Hakupandisha sauti. Spidi angeshukuru kama angepandisha.

"Kwa hiyo jana kilipita kwa bahati."

"Kwa bahati, Mama."

"Tulitafute kosa," alisema Mpole, na kwa kuwa Mpole alikuwa hajasema neno tangu Jumanne, wote wawili walinyanyuka.

Walimweka mwanasesere mezani na kipimo cha akiba cha aina ileile, pacha wa kile cha kitanda cha tisa. Mpole akapuliza hewa ya moto pembeni yake ili mapigo yake yapotoke kidogo, kama yatakavyopotoka wodini kwenye joto la taa. Kisha wakaanza kuizima pampu. Mtoto akinyamaza sekunde ishirini, kengele ilie. Wakazima, ikalia. Wakawasha, wakazima, ikalia. Mara ya kumi, ya ishirini, ikalia. Spidi alianza kupata matumaini ya kijinga. Mara ya thelathini na moja, sekunde ya ishirini ilifika ikapita. Ishirini na tano. Thelathini. Mwanasesere amelala tumbo bapa, hapumui, na taa ya kijani inawaka kwa utulivu wake wote. Kengele ililia sekunde ya thelathini na sita.

Walikuwa na maelezo, na yalikuwa rahisi. Mahali fulani katikati ya ukimya, habari moja ilisomwa nusunusu, kibao kikaihesabu kuwa pumzi, saa ikaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Pumzi ambayo hakuna aliyeivuta.

"Jenga kibaraza," alisema Mama Maonyo.

Alikijenga kwa dakika ishirini na tano. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba kilikuwa kazi ya dakika ishirini na tano. Akaufuta ule mstari wake, akamwonyesha Mama Maonyo umefutwa, akamwanzisha Bibi Harusi saa tatu kamili. Saa nane mchana angekuwa tayari.

"Sasa nenda kamwambie dada yako," alisema yule mama. "Mwenyewe. Usimtume mtu."

Wodi ilikuwa inanukia dawa ya sakafu. Wauguzi walikuwa wamevaa sare zilizopigwa pasi kwa heshima ya daktari mkuu, na sista mkuu alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake imekaa sawasawa. Alimwona mdogo wake anakuja mikono mitupu, uso umemshuka, akakunja mikono kifuani.

"Usiniambie."

"Dada, kuna kosa. Ni langu. Kengele ya cha tisa inaweza kuchelewa."

"Kuchelewa kiasi gani?"

"Mara moja kati ya thelathini. Sekunde kumi na sita."

Dada alikwenda kwenye simu ya ukutani, akapiga, na Spidi akasikia kila neno, kwa sababu dada yake hakuwahi kujua kunong'ona. "Daktari, shughuli ya saa tano imeahirishwa. Mdogo wangu kafanya ujinga. Ndiyo, huyohuyo niliyekuwa najivunia. Kausema mwenyewe, na wanarekebisha. Njoo saa tisa." Akaweka simu.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Chini."

"Kufanya nini? Huyo Bibi Harusi wenu si anajipamba mpaka saa nane?" Alimtupia gauni la kijani. "Nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Vaa hilo. Kaa pale."

"Dada, mimi si muuguzi."

"Kuhesabu hujui?"

Kiti kilikuwa kando ya kitanda cha tisa. Ndani ya kasha la kioo alilala mtoto wa kike, kadi yake inasema siku ya sita, jina bado. Mkono wake ungeweza kupita ndani ya pete ya ndoa ya Spidi. Alikuwa na soksi kichwani kama kofia, na kifua chembamba hivi kwamba kila pumzi ilionekana mpaka kwenye mbavu. Kwa wiki saba Spidi alikuwa akikitamka kitanda cha tisa kila siku, na kwake kilikuwa ni waya wa tatu kutoka kushoto.

"Ukiona kimya, hesabu sekunde," alisema dada. "Ukifika kumi, niite. Usijifanye shujaa."

Akaanza. Moja, mbili, tatu. Mtoto hakupumua kama mwanasesere. Mwanasesere alipumua kiungwana, hewa ndani, hewa nje, mara arobaini kwa dakika. Huyu alikimbia pumzi kumi za haraka, akapumzika, akavuta moja ndefu, akaanza tena. Ukikodoa macho sana unaanza kuona tumbo linasogea hata halijasogea. Baada ya robo saa Spidi alikuwa na jasho mgongoni. Baada ya saa moja shingo ilikuwa imekakamaa. Alimtazama dada yake, ambaye alikuwa akihesabu vitanda vitatu kwa mpigo, huku akibadilisha dripu na kumwelekeza muuguzi mgeni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamwogopa kwa sababu nyingine. Miaka kumi na minne alikuwa akifanya hivi. Nyumbani walikuwa wakimcheka kwamba hata kwenye televisheni anaangalia watu vifua.

Saa tano na kitu, tumbo la kitanda cha tisa lilisimama.

Spidi alisubiri. Moja, mbili. Alipofika sita alijiambia sasa hivi. Alipofika tisa midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Alipofungua kinywa kuita, dada yake alikuwa ameshafika, mkono wake umeshaingia kwenye kidirisha cha kasha, na kwa ncha ya kidole akampiga mtoto kikofi kwenye wayo wa mguu. Hakuna. Akapiga tena. Mtoto akakunja uso kwa hasira, akavuta hewa, akalia kilio kidogo cha kitu kilichoamshwa.

"Sekunde kumi na nne," alisema dada, akatoa mkono. "Huyu hunifanyia hivyo mara saba, nane kwa siku. Mjeuri kweli."

Spidi alikuwa akifikiria thelathini na sita. Aliona aibu ya kweli, na hakutafuta maneno ya kujitetea kwa sababu hakukuwa na hata moja. Dada yake alimtazama, akamwekea mkono begani mara moja, akaondoka kwenda kitanda cha nne. Spidi akaendelea kuhesabu mpaka saa nane ilipogonga.

Chini, Bibi Harusi alikuwa amemaliza, na Mama Maonyo alikuwa ameanza orodha kutoka mstari wa kwanza. Alisoma yote, tena. Spidi alisimama nyuma yake, na safari hii hakutania. Alimtazama akipita juu ya mistari ile, kidole kikishuka, kalamu ikisimama, ikiandika alama, ikiendelea, na alielewa kitu ambacho kwa miaka tisa alikuwa akikiona bila kukielewa. Yule mama hakuwa akitafuta makosa. Aliwajua wote waliotakiwa kuwapo, kama mwalimu anavyolijua darasa lake, na asubuhi ile alikuwa ameona kwamba mmoja hakuja shule. Mtu gani duniani anaweza kusikia kitu kisichosema? Spidi alikuwa hodari, yeye mwenyewe alijua, lakini uhodari wa namna hii hakuwa nao hata chembe.

"Kumi na mawili," alisema Mama Maonyo.

Mpole alipuliza hewa ya moto. Walizima pampu mara sitini, na kengele ikalia mara sitini, kila moja kwenye sekunde ya ishirini. Chipu ilikuwa ileile ya asubuhi, kwenye kibao kilekile, kwenye kasha lilelile, hakuna waya uliosogezwa. Lakini haikuwa tena ile mashine ya asubuhi.

Mama Maonyo alisaini. Kisha akafunika kalamu.

"Saini yangu nampa Mpole," alisema.

Mpole alitoa macho. "Mama, mimi sijaomba."

"Ndiyo maana." Alimgeukia Spidi. "Umekasirika?"

"Nimeumia, Mama. Sikukasirika."

"Umesema kweli, na ulijua itakugharimu. Hilo ni lako, halichukuliwi. Lakini umelisema baada ya wiki tatu, na kwa sababu umeulizwa. Mwenye kusaini hatakiwi kumwogopa mama mkwe kuliko kitanda cha tisa."

Angeweza kucheka, na kwa kweli alicheka kidogo, kwa pua, macho yakimuuma. Angekuwa yeye kwenye nafasi ya yule mama, angefanya vivyo hivyo. Alijua hivyo, na kujua hakukumpunguzia chochote. Alibeba kasha akapanda nalo ngazi.

Daktari mkuu alifika saa tisa bila maneno mengi. Walifunga nyaya kumi na mbili, wakaijaribu kengele ya kila kitanda, daktari akabonyeza swichi, na taa za kijani kumi na mbili zikawaka. Watu wakapiga makofi ya chini kwa chini, kwa sababu ya watoto. Daktari akaondoka. Dada yake alibaki amesimama akizitazama taa, mikono kifuani.

"Nani kasaini?"

"Mama Maonyo."

"Si wewe?"

"Si mimi."

"Na atakayekuwa anasaini baada yake?"

"Mpole."

Dada yake alimtazama. Kisha akavua kofia yake, kitu ambacho Spidi hakuwahi kumwona akifanya akiwa zamuni, akawaambia wauguzi wake wawili wakae karibu lakini wapumzishe macho, akaenda kwenye chumba kidogo nyuma ya kioo. Akakaa. Akajimiminia chai. Akaupa mgongo wodi nzima, akafumba macho.

"Njoo unywe chai, mdogo wangu," aliita bila kugeuka. "Kuhesabu kumekwisha."

"Nakuja, Dada."

Lakini alikuwa amekaa tena kwenye kile kiti kando ya kitanda cha tisa. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Kengele ilikuwa nzima, imejaribiwa mara sitini, imesainiwa na mtu ambaye saini yake haijawahi kurudishwa, na Spidi aliiamini kabisa.

"Inapoa!"

"Nakuja," alisema, macho kwenye lile tumbo dogo likipanda na kushuka. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini.